Deni la Marehemu ni la Nani?

(Hotuba ya Kamati ya Elimu ya Ushirika mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu)



Katika sikukuu kama ya leo desturi ni kuhesabu mafanikio: magunia yaliyopimwa, maghala yaliyojengwa, mitambo iliyonunuliwa. Wenzetu waliotutangulia kusema wameyahesabu vema, nasi twawashukuru. Sisi wa Kamati ya Elimu tumepewa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo halipendezi sana kusikika penye ngoma na vigelegele, nalo ni deni la mtu aliyekufa.

Tumelichagua jambo hili kwa kuwa miaka 10 ni muda wa kutosha kwa chama kuwazika wanachama wake. Tukilifungua daftari la kwanza la wanachama, tutayaona majina ambayo leo yakiitwa hayaitikiwi tena. Baadhi ya ndugu hao waliondoka wakiwa wamemaliza hesabu zao. Wengine waliondoka wakiwa na deni la mbolea, la dawa ya mibuni, au la fedha za karo ya watoto. Kila mara swali limekuwa ni lile lile, nalo limeulizwa kwa machozi, kwa hasira, na mara nyingine kwa hila: deni hili ni la nani?

Majibu matatu husikika vijijini. Wako wasemao kwamba deni limekufa pamoja na mwenyewe. Wako wasemao kwamba deni ni la mjane, au la mtoto mkubwa wa kiume, kwa kuwa ndiye aliyesimama mahali pa baba. Tena wako wasemao kwamba deni ni la chama, na kwamba chama ni kikubwa, hakiwezi kuumia. Ndugu Wanachama, majibu yote matatu si sahihi, na kila moja lina mtu ambaye linamdhulumu. La kwanza lamdhulumu mdai. La pili lawadhulumu mjane na yatima. La tatu latudhulumu sisi sote tulioketi hapa, kwa maana chama si nyumba yenye fedha zake yenyewe. Fedha za chama ni jasho la wanachama lililokusanywa mahali pamoja.

DENI HUFUATA MALI, HALIFUATI DAMU

Msingi wa jambo hili ni mwepesi kuusema, ijapokuwa ni mgumu kuushika wakati wa msiba. Mtu akifa, mali yake na madeni yake hukaa pamoja kama mzigo mmoja uliofungwa kwa kamba moja. Hapana mtu awezaye kuufungua mzigo huo akachukua mali na kuliacha deni. Wala hapana awezaye kushurutishwa kuchukua deni ilhali mali hakuipata. Deni la marehemu hulipwa kwa mali ya marehemu. Mali ikitosha, wadai hulipwa, na kinachosalia ndicho urithi. Mali isipotosha, wadai hulipwa kwa kadiri ya kilichopo. Warithi hapo hawana urithi, lakini deni nalo hawana.

Sheria za nchi yetu zasema hivyo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu, katika jedwali lake la tano, yamwagiza msimamizi wa mirathi aliyewekwa na Mahakama ya Mwanzo aikusanye mali ya marehemu kwa bidii, akusanye na madeni ambayo marehemu alikuwa akiwadai watu, alipe madeni aliyokuwa akidaiwa pamoja na gharama za usimamizi, na baada ya hayo ndipo awagawie wenye haki. Twawaomba myaangalie maneno haya: baada ya hayo. Kugawa kabla ya kulipa ni kuanza kulima kutoka mwisho wa shamba. Kanuni za mwaka 1971 zampa msimamizi huyo miezi 4 tangu kuteuliwa kwake, au zaidi mahakama ikiruhusu, apeleke orodha ya kweli ya mali na madeni. Katika mirathi inayoendeshwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, orodha hupelekwa katika muda wa miezi 6, na hesabu kamili katika muda wa mwaka 1, isipokuwa mahakama imeongeza muda.

Ndugu zetu Waislamu wanalijua jambo hili tangu chuoni. Katika mali ya maiti hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja, ndipo warithi wapewe mafungu yao. Sura ya An-Nisaa, itajapo mafungu hayo, hurudia kukumbusha kwamba ni baada ya wasia na deni. Na kwa jirani zetu wa Kenya, Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 yasema kwamba madeni ya marehemu hulipwa kabla ya mtu yeyote kupewa alichoachiwa kwa wasia. Na kwamba mtu ajiingizaye katika mali ya marehemu bila idhini huwajibika kwa kadiri ya mali aliyoishika. Basi sheria ya serikali na sheria ya dini, ya hapa na ya jirani, zimekutana mahali pamoja.

MFANO WA HESABU

Maneno matupu hayatoshi kwa watu wa mizani kama sisi, kwa hiyo na tuchukue mfano. Tuseme mwanachama mmoja alikopa pembejeo za shilingi 1,200,000. Kabla ya kufariki alikwisha kulipa shilingi 400,000. Deni lililobaki ni shilingi 800,000. Katika chama cha msingi ana akiba ya shilingi 250,000, na malipo ya pili ya kahawa aliyokwisha kuipeleka, shilingi 350,000. Fedha hizo ni mali yake, nazo jumla yake ni shilingi 600,000. Zikiingizwa katika hesabu, deni labaki shilingi 200,000 tu.

Sasa tutazame nyumbani. Kama marehemu ameacha ng'ombe wawili na shamba la mibuni, hizo shilingi 200,000 hulipwa kutoka humo kabla ya mgawo. Hapana haja ya watu kukimbilia kuuza shamba. Kahawa iliyoiva mtini siku aliyofariki ni mali yake. Ikichumwa na kupimwa kwa jina la mirathi yake, aghalabu msimu mmoja au miwili hutosha kulimaliza deni la namna hii, na shamba likabaki kwa wenyewe. Kwa hiyo msimamizi mwenye busara huja chamani mapema, akaomba apangiwe malipo kwa misimu. Na chama chenye busara humkubalia.

Lakini tuseme marehemu hakuacha ng'ombe wala shamba, bali alilima shamba la kukodi, na mwanawe ni mwalimu mjini mwenye mshahara. Je, chama chaweza kumwandikia mwalimu huyo kwamba baba yake anadaiwa shilingi 200,000, naye azilipe? Hakiwezi. Mshahara wa mwana si mali ya baba. Mwana akipenda kulipa kwa heshima ya mzazi wake, na alipe, atakuwa ametenda wema mkubwa. Lakini wema haudaiwi kwa barua ya karani.

KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA

Wahenga waliposema kwamba kukopa ni harusi na kulipa ni matanga, hawakudhani kwamba wajukuu wao watayachukua maneno hayo kwa uso wake. Siku hizi tumeona matanga ambayo yenyewe ni harusi. Ng'ombe aliyetosha kulipa deni huchinjwa siku ya tatu. Turubai, vyombo vya muziki na sare hukodiwa kwa fedha za kukopa. Na watu wakiondoka, mjane hubaki na deni la marehemu pamoja na deni la kumzika marehemu. Ni kweli kwamba gharama za mazishi hutangulia madeni mengine. Walakini zilizokusudiwa ni gharama za kiasi, za kumsitiri maiti kwa heshima kulingana na hali yake. Anayekula fahali wa marehemu huku wadai wakingoja, anakula cha watu.

Iko desturi moja njema ambayo twaomba isipotee. Kabla ya waombolezaji kutawanyika, msemaji wa ukoo husimama akatangaza: ikiwa yuko mtu anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, na ajitokeze kwa wenye msiba. Tangazo hilo lina hekima ya pande mbili. Lamwita mdai alete hesabu yake mbele za watu, si gizani baada ya mwaka. Na lamwita mdeni akiri kabla hajasahau. Bali lazima tulielewe sawasawa. Msemaji wa ukoo hasemi kwamba yeye na nduguze watalipa kutoka mifukoni mwao. Anasema kwamba mlango wa hesabu u wazi.

Kwa hiyo na dai liletwe pamoja na ushahidi: stakabadhi, mkataba, kitabu cha mwanachama, au mashahidi wanaoaminika. Mtu ajaye miaka mingi baada ya kifo, mikono mitupu, akisema kwamba marehemu alikuwa na deni lake na sasa anataka kipande cha shamba, na aelekezwe kwa msimamizi wa mirathi na mahakamani; asipewe shamba kwa kuwa amepaza sauti. Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971 yaweka miaka 6 kuwa mpaka wa kufungua shauri la mkataba. Anayelala na dai lake muda mrefu hana haki ya kuwaamsha yatima.

MALI YA MJANE SI MALI YA MAREHEMU

Twafika sasa mahali penye maumivu zaidi. Katika vyama vyetu wako akina mama wengi ambao ni wanachama kwa haki zao wenyewe: walilipa kiingilio chao, wana hisa zao, wana namba zao, nao hupeleka kahawa ya mashamba yao. Mume wa mama kama huyo akifariki na deni, iko hatari ya karani kulitazama jina la ukoo, akaona ni lile lile, akakata fedha katika malipo ya mama ili kufunika deni la baba. Kwake yeye ni mistari miwili tu ya wino. Kwa mama yule ni karo, ni chumvi, ni dawa ya mtoto.

Ndugu Makatibu, jambo hilo halina msingi katika sheria wala katika ushirika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamtambua mwanamke aliyeolewa kuwa na haki sawa na mumewe ya kumiliki mali, ya kufanya mikataba, ya kudai na kudaiwa. Maadamu anaweza kumiliki mwenyewe na kudaiwa mwenyewe, basi hadaiwi kwa mkono wa mwingine. Mjane huwajibika kwa deni alilotia sahihi pamoja na mumewe, au alilolidhamini. Kama hakutia sahihi wala hakudhamini, huwajibika tu kwa kadiri ya mali ya marehemu iliyo mikononi mwake, na mali yake mwenyewe haiguswi.

Sheria hiyo hiyo yakataza mume au mke kuiweka rehani nyumba ya ndoa, au kuiuza, pasipo ridhaa ya mwenzake. Basi akija mkopeshaji na karatasi isemayo kwamba nyumba anamoishi mjane iliwekwa rehani, swali la kwanza la kuuliza ni hili: ridhaa ya mke iko wapi? Mjane asiondoke nyumbani mwake kwa kuonyeshwa karatasi tu. Na aende mahakamani, au kwa wasaidizi wa sheria, au aje kwa viongozi wa chama chake wamsindikize.

Upande wa pili nao una haki ya kusemwa. Wako wajane na watoto waichukuao kahawa ya shamba la marehemu wakaipima kwa jina la shemeji au la jirani, ili deni lisikatwe. Wanaofanya hivyo hawamkwepi karani. Wanawakwepa majirani zao. Deni lililofichwa halipotei, bali hubadilisha mabega.

MABEGA YA MDHAMINI

Mabega hayo aghalabu ni ya wadhamini. Mkopo wa chama haukutolewa kwa sura ya mkopaji, bali kwa ahadi ya wenzake waliotia sahihi zao chini ya sahihi yake. Katika Sheria ya Mikataba, dhima ya mdhamini ni sawa na dhima ya mkopaji, isipokuwa mkataba wenyewe umesema vingine. Kifo cha mkopaji hakimwondolei mdhamini mzigo. Bali ndiyo siku ambayo mzigo humshukia. Basi mtu asitie sahihi ya udhamini kwa kuona haya, au kwa sababu ya chai aliyoandaliwa. Na ajiulize: mwenzangu akifa kesho, je, naweza kubeba?

Lakini mdhamini naye ana haki zake. Akilipa, asimame mahali pa mdai: na apewe stakabadhi, kisha apeleke dai lake kwa msimamizi wa mirathi kama mdai mwingine yeyote. Na ni wajibu wa chama kuihesabu kwanza mali ya marehemu iliyo mikononi mwa chama chenyewe, yaani akiba na malipo yasiyochukuliwa, ndipo mdhamini aitwe kwa kilichobaki. Kumkata mdhamini shilingi 800,000 ilhali marehemu ana shilingi 600,000 katika daftari lile lile ni kumkamua ng'ombe asiye na ndama.

Waanzilishi wa ushirika duniani walilijua tatizo hili. Wafumaji wa Rochdale, kule Uingereza, walipofungua duka lao mwaka 1844, walishika kanuni ya kuuza kwa fedha taslimu, kwa kuwa waliona jinsi biashara ya mkopo ilivyowaangamiza watu wanyonge. Naye Bwana Friedrich Wilhelm Raiffeisen wa Ujerumani, aliyeanzisha chama cha kukopeshana huko Heddesdorf mwaka 1864, alichukua njia nyingine: wakulima wakopeshane, lakini kwa masharti kwamba wote wawajibike pamoja, ili kila mmoja awe mlinzi wa mwenzake. Sisi twafuata njia ya Raiffeisen. Njia hiyo haiwezi kudumu bila ukweli, na ukweli huo hauna budi kuendelea hata baada ya mmoja wetu kufukiwa kaburini.

DENI LA SIMU NA LA KADI

Siku hizi deni haliingii nyumbani kwa mlango wa chama peke yake. Iko mikopo ya simu, inayotolewa kwa kubonyeza tarakimu chache usiku, bila mke wala mume kujua. Na kwa watoto wetu waishio mijini na ng'ambo, iko kadi ya benki ya kununulia kwa mkopo, ambayo mtu huibeba mfukoni akanunua leo na kulipa mwezi ujao, na asipolipa yote, riba huzaa riba. Mwenye simu au mwenye kadi akifariki, jamaa huanza kupigiwa simu na wadai.

Kanuni haibadiliki kwa kuwa karatasi imegeuka kioo. Deni la kadi na deni la simu ni madeni ya marehemu, nayo hulipwa kwa mali ya marehemu. Mtu ambaye namba yake imeonekana katika simu ya mkopaji si mdhamini kwa sababu hiyo. Mdhamini ni aliyekubali kudhamini. Hata huko Uingereza na Marekani, ambako kadi hizo zimeenea mno, kwa kawaida jamaa hawalazimiki kulilipa deni la kadi ya marehemu kwa fedha zao, isipokuwa waliotia sahihi pamoja naye, na wengine wachache ambao sheria za mahali pao zimewataja, kama vile wenzi wa ndoa katika baadhi ya majimbo ya Marekani. Basi anayepigiwa simu na kuambiwa alipe leo hii, na aombe dai liletwe kwa maandishi kwa msimamizi wa mirathi. Asiahidi kitu kwa hofu, wala asilipe shilingi moja ili asumbuliwe kidogo.

Tena twaonya juu ya jambo moja. Wako vijana wanaoijua namba ya siri ya baba, ambao kabla hata kaburi halijakauka huzitoa fedha zilizomo katika simu au kadi yake. Fedha hizo ni mali ya mirathi. Azitoaye pasipo idhini, hata kama ni mwana wa damu, ameshika mali isiyo yake bado, na aweza kuulizwa juu yake. Na akiitumia kadi hiyo kununulia vitu, ameanzisha deni jipya kwa jina la mtu asiyeweza kukana.

WAJIBU WETU

Ndugu Wanachama, mali bila daftari hupotea bila habari, na deni bila daftari huzaa fitina. Kwa hiyo twapenda kumaliza kwa kutaja yale yatupasayo, kila mtu katika nafasi yake.

Kwanza, wanachama. Kila mmoja wetu na awe na kitabu chake, mahali panapojulikana na mtu wa pili nyumbani. Na aandike humo anachodai na anachodaiwa. Mume kumficha mke deni si ushujaa. Ni kumwachia kitendawili ambacho mwenye jibu amezikwa nacho. Tena kila mwanachama na aangalie kama jina la mtu wa kupokea hisa na akiba zake limeandikwa chamani, na kama mtu huyo bado yu hai. Na ifahamike kwamba mtu huyo huandikwa ili fedha zisikose mpokeaji. Kuandikwa kwake hakufuti madeni ya marehemu.

Pili, jamaa za marehemu. Kikao cha ukoo kikae mapema, kimpendekeze msimamizi mwaminifu, na maombi yapelekwe mahakamani. Msimamizi si mrithi mkuu, wala si mfalme mpya wa nyumba. Ni mtumishi wa mali ya mtu mwingine kwa muda, naye atatoa hesabu. Mali isigawanywe kabla ya madeni kujulikana. Mrithi aliyepewa fungu lake kabla ya wakati aweza kutakiwa kulirudisha, na kurudisha ni kuchungu kuliko kungoja.

Tatu, makatibu na wajumbe. Habari za kifo zikifika, hesabu ya marehemu na ifungwe siku ile ile kwa wino, asiongeze mtu wala asipunguze. Afisa wa chama asiende msibani na daftari kwapani. Na aende kama jirani, azike pamoja na wengine. Siku za msiba zikiisha, chama kiiandikie familia barua moja ya adabu, yenye mambo matatu: alichodaiwa marehemu, alichokuwa nacho chamani, na kilichobaki. Barua itajayo deni pasipo kutaja akiba ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli katika nyumba ya msiba ni ukatili. Na mjane akija kuuliza, asiambiwe arudi kesho.

Nne, Mkutano Mkuu huu. Mwaka 1935 vyama vya kuweka na kukopa vya Marekani viliunda, katika mji wa Madison, chama chao cha bima ili mkopaji akifa, bima imalize deni lake, mjane asidaiwe wala mdhamini asiumie. Bima ya namna hiyo si jambo geni tena katika vyama vya kuweka na kukopa vya Afrika Mashariki. Kamati yetu yapendekeza kwamba Halmashauri iagizwe kuchunguza, kabla ya msimu ujao, kama mikopo yote ya pembejeo katika Chama Kikuu yaweza kukatiwa bima kwa mchango mdogo utakaotolewa na kila mkopaji anapokopa. Na kwamba masharti yake yasomwe kwa Kiswahili mbele ya wanachama, pamoja na mambo ambayo bima haitalipa, kabla ya mtu yeyote kukatwa senti. Na hadi hapo, twaomba Mkutano uamue leo kwamba hakuna chama cha msingi kitakachokata malipo ya mwanachama aliye hai kwa deni la aliyekufa, ila awe alitia sahihi ya kulipa au kudhamini.

Bwana Mwenyekiti, ushirika katika nchi hii si wa jana. Sheria yake ya kwanza ilitungwa mwaka 1932, na tangu hapo vyama vimeanzishwa, vimevunjwa kama ilivyokuwa mwaka 1976, na vimerudishwa tena kwa sheria ya mwaka 1982. Majengo hubomoka na mitambo huchakaa. Ambacho mkulima hukitazama miaka yote, anapoamua kama atapeleka kahawa yake kwetu au kwa mlanguzi, ni swali moja dogo: nikifa, chama hiki kitawatendeaje wanangu? Jibu lake halimo katika hotuba hii. Limo katika daftari la chama chake cha msingi, katika ukurasa wa jirani yake aliyezikwa mwaka jana, naye anaujua ukurasa huo.

Dawa ya deni ni kulipa. Na mwenye kulipa ni mali ya aliyekopa. Twawatakia msimu mwema, na miaka 10 mingine yenye baraka.